Pesa Taslimu kwa Familia Maskini: Yaliyoonekana Siaya na Yanayotuhusu Kwale

Hotuba hii ilitolewa na afisa wa kaunti anayeshughulikia huduma za jamii, katika baraza la wakazi huko Kinango. Tunaichapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

  

Nimeitwa nizungumze kuhusu pesa za msaada ambazo baadhi ya familia hupokea, zile ambazo wengi wetu tunaziita pesa za wazee au pesa za mayatima. Kabla sijafika chini ya mwembe huu nimesimamishwa njiani mara tatu. Wa kwanza alitaka kujua kwa nini jirani yake anapata na yeye hapati. Wa pili aliuliza kwa nini pesa huchelewa. Wa tatu, ambaye ana duka, aliuliza kama serikali haioni kwamba inafuga wavivu. Nitaanza na huyu wa tatu, kwa sababu kama yeye anasema kweli, basi hao wawili hawana haja ya kulalamika.

Wengi hawajui kwamba mpango huu ulianza kwetu. Mwaka 2004 serikali, ikisaidiwa na UNICEF, ilichagua maeneo matatu ya kujaribia: Garissa, Nairobi na hapa Kwale. Familia zilikuwa 500 tu, na kila familia ilipewa shilingi 500 kwa mwezi. Mnakumbuka wakati ule. Ukimwi ulikuwa umewaacha watoto wengi mikononi mwa nyanya zao. Nyanya ana miaka 65, ana wajukuu sita, na kazi anayoiweza ni kuchoma makaa au kulima kibarua. Watu wengi, hata maofisini, walisema: ukimpa maskini pesa taslimu ataenda kunywa. Mpe unga, mpe blanketi, lakini shilingi usimpe.

Mpango ulipopanuliwa, watafiti walizifuata familia zilizokuwa zikipokea, wakazilinganisha na familia za hali ile ile katika maeneo ambayo mpango ulikuwa haujafika. Kwale ilikuwamo katika utafiti huo. Walichokiona ni kwamba pesa zilikwenda kwenye chakula, na si kuongeza sima peke yake: maziwa, nyama na matunda yaliongezeka mezani. Watoto zaidi waliingia shule ya upili. Na jambo ambalo wengi hawakulitarajia ni kwamba vijana wa familia zile walichelewa kuanza mambo ya ngono kuliko wenzao. Hapakuwa na mtu aliyekwenda kuwahubiria. Msichana ambaye nyumbani kuna chakula na sare ya shule imenunuliwa hana sababu ya kupokea chipsi na lifti za boda boda kutoka kwa mwanamume wa miaka 30. Mama zetu mnaelewa ninachosema.

Kutokana na mbegu hiyo ndipo mengine yakamea. Pesa za wazee zikaja, zikafuata za watu wenye ulemavu mkali, na kuanzia mwaka 2018 kila Mkenya aliyetimiza miaka 70 na asiye na pensheni akafunguliwa mlango. Hii yote kwa pamoja ndiyo Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Nanyi mjue kwamba hii si sadaka. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 43, inasema serikali itamsaidia mtu asiyeweza kujitegemea pamoja na wale wanaomtegemea. Mzee anayekwenda kupokea asiende ameinamisha kichwa.

Sasa tuondoke Pwani kidogo twende Siaya, kule Nyanza. Naenda huko kwa sababu ndiko jambo hili lilikopimwa kwa makini kuliko karibu mahali pengine popote duniani, na waliopimwa ni wakulima wa Kenya kama sisi. Huko shirika la GiveDirectly lilikuwa likituma pesa kwa simu, kwa M-Pesa, moja kwa moja kwa familia. Hakuna semina, hakuna sharti, hakuna mtu wa kati. Mpokeaji alikuwa ni familia inayoishi kwenye nyumba ya nyasi. Hapo nawaomba msicheke: kipimo hicho hapa Kwale kisingetufaa, maana hata hoteli za Diani zimeezekwa makuti.

Utafiti wa kwanza ulifanywa Rarieda, kati ya mwaka 2011 na 2013. Baadhi ya familia zilipewa shilingi 25,200, nyingine zikapewa 95,200. Kati ya zile za kiasi kidogo, wengine walipewa zote kwa mkupuo mmoja, wengine shilingi 2,800 kila mwezi kwa miezi tisa. Nani apate nini kiliamuliwa kwa kura, ili isije ikasemwa kwamba wachapakazi ndio waliochaguliwa. Watafiti walirudi wakauliza mambo mengi: mnakula nini, mna mifugo mingapi, mnalala usingizi? Hata mate yao yalichukuliwa yakapimwa, kwa sababu mwili wa mtu mwenye mawazo mengi hutoa kemikali inayoonekana kwenye mate.

Matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka. Walikula zaidi, walinunua ng'ombe na mbuzi, waliezeka mabati. Furaha iliongezeka na mawazo yakapungua, na wale waliopata kiasi kikubwa hata mate yao yalionyesha hivyo. Ugomvi wa ngumi nyumbani ulipungua pia. Nataka mlitafakari hilo la mwisho, kwa kuwa wengi wetu tulizoea kusema kwamba pesa ndizo zinazoleta vita ndani ya nyumba. Ukikaa na kesi za kifamilia kama ninavyokaa mimi, utaona nyingi zinaanza jioni ambapo sufuria haina kitu.

Suala la mabati linahitaji maelezo, kwa sababu kuna watu husema, mnaona, wamepewa pesa wakajenga badala ya kufanya biashara. Paa la nyasi kule linahitaji kuezekwa tena kila baada ya muda mfupi, na nyasi za kuezekea siku hizi hununuliwa. Hapa kwetu makuti nayo ni hivyo hivyo. Anayeweka mabati ameacha kulipa gharama hiyo kwa miaka mingi, na mvua ikinyesha anakinga maji. Mama wa Kinango anayekwenda mbali kutafuta maji anajua thamani ya mfereji wa paa kuliko mtaalamu yeyote.

Sasa nirudi kwa mwenye duka. Kulikuwa na utafiti wa pili Siaya, mkubwa zaidi, uliogusa vijiji 653 vya Alego, Ugunja na Ukwala. Zaidi ya familia 10,000 zilipewa takriban shilingi 87,000 kila moja. Safari hii watafiti hawakuuliza wapokeaji peke yao. Waliwauliza majirani ambao hawakupata kitu, wakaenda kwenye maduka, wakaandika bei za bidhaa masokoni mwezi baada ya mwezi. Hofu ilikuwa kwamba pesa nyingi zikiingia mahali padogo, bei zitapanda na yule asiyepata ataumia mara mbili.

Bei hazikupanda kwa kiwango cha kumtisha mtu. Tofauti ilikuwa karibu asilimia 0.1. Badala yake, kila shilingi 1 iliyoingia ilizunguka mpaka ikaleta karibu shilingi 2 na nusu kwenye uchumi wa eneo lile. Jirani ambaye hakupata hata senti naye alijikuta anatumia zaidi, kwa sababu alipata kibarua cha kujenga, au aliuza kuku, au malipo ya kazi yalipanda kidogo.

Inawezekanaje? Hebu fikirieni kinu cha kusaga mahindi hapa sokoni. Kutwa nzima kiko wazi, na mwenyewe amekaa kwenye benchi. Wakija wateja ishirini zaidi hahitaji kununua kinu kingine wala kupandisha bei. Anawasha injini mara nyingi zaidi, basi. Duka la rejareja ni vile vile, fundi cherehani ni vile vile, fundi wa baiskeli ni vile vile. Vijijini kwetu tuna watu wengi na vyombo vingi vinavyosubiri kazi, na kinachokosekana ni mteja mwenye pesa mfukoni. Kwa hiyo wewe mwenye duka unayesema tunafuga wavivu, chungulia daftari lako la madeni siku ile wazee wanapolipwa. Nani analipa? Wewe ni mnufaika ambaye hakuandikishwa.

Na uvivu wenyewe? Kuna utafiti wa tatu, ulioanza takriban mwaka 2018 katika vijiji vya Siaya na Bomet. Huko kila mtu mzima katika kijiji kilichochaguliwa anapewa shilingi 2,250 kwa mwezi. Vijiji vingine viliahidiwa miaka 2, vingine miaka 12, na vingine vikapewa zote kwa mkupuo. Kama pesa za bure hufanya watu walale, basi hapo ndipo wangelala, wakijua kwamba miaka 12 imehakikishwa. Hawakulala. Jumla ya kazi haikupungua. Kilichobadilika ni aina ya kazi: watu waliacha kibarua kwenye shamba la mwingine wakaanzisha chao, genge, kuku, kushona, kuuza samaki.

Waliofanya vizuri zaidi katika biashara ni wale waliopewa kwa mkupuo na wale walioahidiwa miaka 12. Wale wa miaka 2 walibaki nyuma yao. Ukishapata shilingi 2,250 na hujui kesho kutwa itakuwaje, unakula na kuweka kidogo. Ukijua kwamba mwezi ujao ipo na mwaka ujao ipo, unaingia kwenye chama na wenzako, kila mwezi mnampa mmoja wenu fungu zima, na zamu yako ikifika una mtaji. Watu waligeuza pesa za mwezi kuwa mkupuo wao wenyewe. Kule Rarieda nako ilionekana kwamba waliopokea kila mwezi walikula vizuri zaidi, na waliopokea kwa pamoja walinunua vitu vya kudumu zaidi. Hakuna njia moja iliyo bora kwa kila mtu. Nyanya mwenye wajukuu wadogo anahitaji ya kila mwezi, kijana mwenye nguvu anahitaji ya mkupuo. Kwa mawazo yangu, hapo ndipo mipango yetu mingi hukosea, kwa kumpa kila mtu dawa ya kidonge kimoja.

Baba zetu, hapa nawaomba mnisikize zaidi. Mwaka 2025 watafiti wale wale wa Siaya walitoa matokeo kuhusu watoto wachanga. Waliwauliza akina mama juu ya watoto waliozaliwa kabla ya pesa, wakati wa pesa na baada ya pesa. Katika familia zilizopokea wakati wa kuzaliwa mtoto, vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu.

Nusu. Wazee waliozika vitoto hapa kwetu wanajua neno hilo lina uzito gani.

Sababu zake ni za kawaida kabisa. Mama alipata nauli na ada akajifungulia hospitalini. Alikula. Na katika miezi ya mwisho ya ujauzito na ile ya kwanza baada ya kujifungua, alipunguza sana kazi nzito. Hakukuwa na muujiza mwingine. Pale ambapo hospitali yenye daktari ilikuwa karibu, faida ilikuwa kubwa zaidi. Pale ambapo ilikuwa mbali, pesa peke yake hazikutosha. Na pesa zilipokwisha, faida hiyo nayo ilififia kwa watoto waliozaliwa baadaye. Kwa hiyo wanaosema tuwape watu pesa tuache kujenga zahanati wamekosea, na wanaosema tujenge zahanati tu, mama atafika mwenyewe, nao wamekosea. Mimi nafanya kazi kwenye kaunti, na zahanati ni kazi ya kaunti, kwa hiyo nalisema hili nikijua linanirudia.

Lakini hata kabla ya shilingi moja kufika, kuna kitu familia inaweza kufanya. Kama kinachomuua mtoto ni mama kubeba mitungi na kukata kuni mwezi wa nane wa mimba, basi kuna mikono mingine katika boma hilo. Mtungi haujui kama anayeubeba ni mwanamke au mwanamume.

Twende kwa swali la kwanza, la jirani aliyepata na wewe hukupata. Sitawadanganya kwamba halina uchungu. Hata Rarieda ilionekana kwamba wale waliobaki bila kitu huku wenzao wamepata, kuridhika kwao na maisha kulishuka kwa muda. Hakuna aliyewachukulia chochote, lakini jicho lina roho yake. Na pale ambapo watu hawaelezwi, uvumi huchukua nafasi. Shirika lile lile lilipoingia Homa Bay mwaka 2015, karibu nusu ya familia zilizofikiwa zilikataa pesa. Uvumi ulienea kwamba ni pesa za mashetani, kwamba ukizipokea watoto watakufa. Watu maskini kabisa walirudisha maelfu ya shilingi kwa sababu hawakuweza kuamini kwamba kuna mtu anayetoa bila kutaka kitu. Ukiangalia historia yetu ya wanaokuja na fomu za kutia sahihi, na mashamba yaliyopotea kwa njia hiyo hapa Pwani, huwezi kuwacheka.

Hapa kwetu, mambo ni haya. Inua Jamii ni mpango wa serikali ya kitaifa. Kaunti haiandiki orodha yake wala haitoi pesa zake, ingawa najua mnatuuliza sisi kwa kuwa ndio mnaotuona. Nafasi hugawanywa kwa kila eneo, na nafasi zikijaa, anayestahili anaweza kubaki nje mpaka usajili mwingine ufunguliwe. Kwa mayatima na wenye ulemavu, hali ya nyumba huchunguzwa kwa maswali: nyumba ni ya nini, kuna mifugo, nani anafanya kazi. Maswali hayo hukosea. Nyumba yenye mabati aliyoyaacha marehemu mume inaweza kumtoa mjane kwenye orodha hali ndani hamna kitu. Ndiyo maana majina husomwa barazani. Siku hiyo ndiyo siku yako. Ukisikia jina la mtu mwenye matatu ya abiria barabarani, sema. Ukiona mama mwenye mtoto asiyeweza kutembea hayumo, sema. Tabia yetu ya kunyamaza barazani kisha kunung'unika kwenye kahawa ndiyo inayowaumiza wasio na sauti.

Na msiwasahau wenye ulemavu waliofichwa ndani. Mtoto huyo hawezi kuandikishwa na mtu asiyejua kwamba yupo.

Wengine wameuliza pia kwa nini kule Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera kuna pesa za njaa na sisi Kinango hatuna, ilhali ukame tunaujua. Mpango huo ulianza kaskazini kwa sababu ndiko hali ilikuwa mbaya zaidi. Una jambo moja zuri sana. Setilaiti hutazama majani ya ardhi, na kijani kikipungua kupita kiwango fulani, familia nyingi zaidi zilizokwisha kusajiliwa na kufunguliwa akaunti hutumiwa pesa, kabla mifugo haijafa. Ukimpa mfugaji pesa wakati ng'ombe bado anasimama, ananunua majani na maji. Ukimpa baada ya hapo, unamnunulia mtu ambaye tayari ameshakuwa maskini. Kwale nayo imo katika kaunti kame, na kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, tuliona mizoga kando ya barabara hapa hapa. Mimi naona tunapaswa kuendelea kuuliza, kwa utaratibu na bila kuchoka, mpango wa aina hiyo ufike kwetu.

La pili, la kuchelewa. Hapa lazima niseme wazi kwamba tusilinganishe shilingi 2,000 na zile za Siaya. Zile 87,000 ni sawa na shilingi 2,000 za miezi 43 na nusu, zikiwa zimekusanywa pamoja. Shilingi 2,000 ukizigawa kwa siku 30 na kwa watu saba wa boma moja, kila mmoja anabaki na shilingi 9 na senti kadhaa kwa siku. Kiwango hicho hakijabadilika kwa zaidi ya miaka 10, na bei hazikukaa zikisubiri: mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo 2 ilipita shilingi 200. Kwa hiyo asitokee mtu kumwambia mzee, mbona unapewa pesa na hujanunua ng'ombe.

Lakini hata hizo kidogo, uzito wake uko kwenye siku ya kufika. Mwenye duka atamkopesha mama unga kama anajua tarehe 5 pesa zitaingia. Kama hajui ni mwezi huu au ni mwezi wa tatu, atakataa, au atakubali kwa bei ya juu. Malimbikizo ya miezi mitatu yakija siku moja, nusu yake imeshaliwa na deni. Mtoto amesharudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mbuzi ameshauzwa kwa bei ya kutupa. Pesa ile ile, shilingi kwa shilingi, ikichelewa hufanya kazi nusu. Hili tumelipeleka kwa wanaohusika na tutaendelea kulipeleka, na sitawapa tarehe ambayo si yangu kuitoa.

Kuna jambo ambalo haliwezi kungojea serikali, nalo ni kadi. Nimekuta mahali ambapo mwenye duka ameweka sandukuni vitambulisho na kadi za wazee kadhaa, pamoja na namba zao za siri zimeandikwa kwenye karatasi. Siku ya malipo anakwenda yeye, anakata deni lake, na mzee hajui hata ni shilingi ngapi zilizoingia. Ndugu mwenye duka, kumkopesha mzee ni wema, na deni lako ni halali yako. Kushika kitambulisho chake ni kosa. Mrudishie. Na mjukuu unayemsindikiza nyanya kwa wakala, msomee kiasi kilichoingia kwa sauti, umwekee mkononi zote, kisha yeye ndiye akupe nauli yako. Wakala akikwambia kuna ada ya kuhudumiwa haraka, hakuna ada hiyo.

Nasikia pia kwamba vijana wengine, wakishajua mama analipwa, wao huacha kutuma walichokuwa wakituma kutoka Mombasa. Basi mama amepata 2,000 za serikali na amepoteza 1,500 za mwanawe. Huyo hakusaidiwa mama yake, amesaidiwa yeye. Hawako hapa kunisikia, lakini mna simu zao.

Mpokeaji akifariki, familia imjulishe naibu wa chifu na kamati ya maslahi ya wanufaika ya eneo lenu. Kuendelea kutumia kadi ya marehemu ni kosa, na nafasi hiyo kuna mtu anaingojea. Kama marehemu alikuwa mlezi wa mayatima, watoto hawafutwi kwa sababu ya kifo chake: familia inateua mlezi mwingine, anakwenda na kitambulisho chake na cheti cha kifo kwenye ofisi ya watoto ya kaunti ndogo, na mabadiliko yanafanywa. Mzee asiyeweza kutembea anaweza kuteua mtu wa kumchukulia, lakini kuteua kunafanyika ofisini na kuandikwa, si kwa kukabidhi namba ya siri mlangoni. Malalamiko yapelekwe kwanza kwa kamati hiyo, na yasiposhughulikiwa, ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Andikeni tarehe mliyokwenda na cheo cha aliyewapokea, maana lalamiko lisilo na tarehe hupotea upesi.

Sasa maswali. Mama yule pale nyuma mwenye leso ya manjano ameinua mkono muda mrefu, tuanze na yeye.